Kujitoa bila kujitazama

Habari ya Msamaria mwema katika Injili ya Luka wengi wetu tunaikumbuka mpaka pale majeruhi anapopandishwa juu ya mnyama na kufikishwa kwenye nyumba ya wageni. Kinachofuata hakihubiriwi sana. Msamaria anamuuguza. Kesho yake anatoa dinari mbili, karibu ujira wa kibarua wa siku mbili, anamkabidhi mwenye nyumba na kumwagiza amtunze yule mtu, anaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi, kisha anashika njia yake. Hakubaki kando ya kitanda akingoja mgonjwa apate nguvu za kumshukuru. Hakumtupia mwenye nyumba mzigo bila fedha. Alitazama kilichomfaa mtu aliyemkuta barabarani, akatafuta wa kushirikiana naye, akapanga kurudi.

Ndani ya habari hiyo mna jambo ambalo Wakristo wengi wenye moyo mwema wanalikosa. Tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza na kipaimara tunaambiwa kwamba mfuasi wa Kristo hujikana, hubeba msalaba wake na kuwatanguliza wengine. Ni kweli tupu. Lakini mtu anaweza kujinyima usingizi, fedha na raha, huku siku nzima macho yake yakiwa juu yake mwenyewe: nimetoa kiasi gani, nani ameona, nimechoka namna gani, mbona wenzangu hawafanyi. Mtu huyo anafanya kazi nyingi za huruma na moyo wake unazidi kuwa mkavu. Kujitoa kunamkuza mtu kiroho pale macho yake yanapohama, yakaanza kumtazama kweli yule aliye mbele yake. Ushauri wangu wote katika makala hii unatoka hapo.

Macho hurudi kwetu kwa njia nyingi. Ile ya kutafuta sifa tunaijua, na Yesu aliikemea waziwazi katika sura ya 6 ya Mathayo alipowazungumzia watoao sadaka ili watukuzwe na watu. Siku hizi jaribu hilo tumelijengea nyumba. Michango ya harusi, msiba na ujenzi wa kanisa hukusanywa kwenye makundi ya WhatsApp, na kila jioni orodha hupandishwa, jina kwa jina, kiasi kwa kiasi. Uwazi wa fedha ni jambo la lazima, na mhazini awe tayari kueleza kila shilingi. Hata hivyo orodha ile humfanya mwenye nacho atoe kwa kumtazama aliyemtangulia, na asiye nacho ajifiche hata kwenye msiba wa jirani yake. Jumuiya inaweza kukubaliana kwamba majina yabaki kwenye daftari la mhazini, likaguliwe na wawili watatu waliochaguliwa, na kundini iandikwe jumla peke yake. Nawaomba wenyeviti wa jumuiya walizungumze jambo hili. Na kama kwenu halijakubalika, wewe unaweza kuanza peke yako: toa cha kawaida kwenye orodha, na kile cha ziada mpelekee mfiwa mkononi, usimwambie mtu, hata mwenzi wako asikie tu kwamba mmesaidia.

Njia nyingine ni ngumu zaidi kuitambua, nayo imewapata watu wengi walio mstari wa mbele katika parokia na sharika zetu. Ni kuhesabu mateso yako. Mtu wa namna hii hatafuti makofi, anatafuta deni. Kila anachofanya kinaingia kwenye kumbukumbu, na siku ya ugomvi kinatolewa: nimewasomesha, nimewapikia, mimi ndiye nilifagia kanisa mlipokuwa mmelala. Ukitaka kujua kama ugonjwa huu umekushika, angalia unavyojisikia mtu mwingine anapoifanya kazi uliyoizoea na kuifanya vizuri. Ukifurahi, moyo wako uko huru. Ukiumia, kaa kidogo mbele ya Mungu na umweleze hivyo hivyo. Martha, katika sura ya 10 ya Luka, hakukosea kuandaa chakula. Wageni walipaswa kula. Ila macho yake yalikuwa yamemwacha mgeni, yakawa yanahesabu nani anafanya kazi na nani amekaa.

Basi mtu aanzie wapi? Aanzie kwa mtu mmoja, tena wa karibu, na ikiwezekana yule anayemchosha.

Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu anatusaidia hapa kuliko mwalimu mwingine ninayemjua. Alifariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24 tu, katika monasteri ya Wakarmeli ya Lisieux, Ufaransa, na mwaka 1927 Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa msimamizi wa misioni, yeye ambaye maisha yake ya utawa yote aliyaishi ndani ya ukuta wa monasteri hiyo moja. Mle ndani kulikuwa na mtawa mzee, mgonjwa, aliyepaswa kushikwa na kusindikizwa jioni kwenda chumba cha kulia chakula. Kumridhisha kulikuwa kazi kubwa. Ukienda haraka, analalamika utamwangusha. Ukienda polepole, analalamika hausikii mkono wako. Teresia aliomba yeye ndiye amsindikize. Alimshika, akamwongoza, akamketisha, na hapo kazi aliyojitolea ilikuwa imekwisha. Lakini kwa kuwa alikuwa akimtazama yule mama, aliona kitu ambacho hakuna aliyekuwa amemwambia: mikono yake ilipata taabu kukata mkate. Tangu hapo hakuondoka kabla ya kumkatia.

Mkate ule ndio kipimo changu. Kusindikiza ni wajibu unaoweza kupangwa kwenye ratiba. Kuona kwamba mikono haiwezi kukata mkate kunataka mtu aliyeacha kujifikiria kwa muda. Mwaka mzima unaweza kumpelekea bibi yako hela ya matumizi na usigundue kwamba dirisha la chumba chake halifungi, au kwamba miwani yake haimwonyeshi tena maandishi ya Biblia, na kitabu anakifungua kwa mazoea tu.

Kwa hiyo ukichagua mtu wako mmoja, usikimbilie kumfanyia kitu. Mtazame kwanza. Kaa naye bila simu mkononi. Akisimulia shida yake, izuie hadithi yako ya shida kama hiyo. Tunadhani tunamfariji kwa kusema hata mimi yalinipata, kumbe tumemnyang'anya zamu. Muulize nini kinamchosha zaidi wiki hii, kisha nyamaza mpaka ajibu. Watu wengi hawajaulizwa swali hilo kwa miaka. Na wewe mume unayesoma haya, anza na kazi ya nyumbani ambayo haitajwi popote: kuamka mtoto anapolia, kuchota maji bomba linapotoka usiku wa manane, kuosha vyombo wageni wakishaondoka. Fanya, kisha usiitangaze mezani kesho yake.

Chagua pia kutoa vitu ambavyo havipatikani kwa fedha. Neno la mwisho katika mabishano ni mojawapo. Heshima ya kuonekana ulikuwa sahihi ni nyingine. Kwa watu wenye elimu na vyeo nadhani hizi ni sadaka ngumu kuliko fungu la kumi. Katika kikao cha parokia, wazo lako likichukuliwa na mwenzako akalitoa kama lake na likakubaliwa, nyamaza ufurahi kwamba kisima kitachimbwa.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki kuna mfano ulio karibu zaidi. Irene Stefani alizaliwa Anfo, kaskazini mwa Italia, mwaka 1891, akajiunga na Masista Wamisionari wa Consolata na kufika Kenya mwaka 1915. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeshawaka katika nchi zetu. Jeshi la Waingereza lilikuwa limekusanya wapagazi wengi mno, sehemu kubwa kwa nguvu, wabebe risasi na vyakula vya vita ambavyo havikuwa vyao. Makumi ya maelfu walikufa, na maradhi na njaa viliua wengi kuliko bunduki. Irene alihudumu katika hospitali zao, Voi kwanza, kisha upande wa Tanganyika, Kilwa na Dar es Salaam. Aliosha vidonda, akawalisha waliokuwa wameshindwa kujilisha, akaketi na waliokuwa wakikata roho mbali na mama zao. Vita vilipokwisha alipelekwa Gikondi, katika nchi ya Nyeri, akafundisha na kutembea kwa miguu kijiji hadi kijiji kwa takriban miaka kumi. Wakikuyu walimwita Nyaatha, mama mwenye huruma. Mwaka 1930 alimuuguza mgonjwa wa tauni, akaambukizwa, na tarehe 31 Oktoba akafariki akiwa na miaka 39. Alitangazwa mwenyeheri huko huko Nyeri, tarehe 23 Mei 2015.

Tukimsifu, huwa tunakimbilia kifo chake. Mimi huvutiwa zaidi na barua. Vijana wa Gikondi walikuwa wakienda mijini kutafuta kazi, na wazazi wao hawakujua kusoma wala kuandika. Irene aliketi nao na kuandika maneno yao kwa watoto wao, na majibu yalipokuja aliwasomea. Fikiria kazi hiyo. Maneno si yake, habari si zake, machozi si yake; akiandika vizuri, mwana anayesoma kule mjini humsikia mama yake, hamsikii sista. Ili kuifanya ilibidi ajifunze lugha ya wenyeji, ajue mzee fulani anaitana vipi na mwanawe, atofautishe maneno ya hasira na maneno ya uchungu. Huruma yake ilikuwa na ufundi ndani yake.

Barua za namna hiyo bado zipo, ingawa zimebadilika sura. Mjane anahitaji mtu wa kwenda naye mahakamani kufungua mirathi, aketi naye kwenye benchi tangu asubuhi, amweleze karani amesema nini. Mzee anahitaji wa kumjazia fomu ya kitambulisho au ya pensheni. Mama muuza mboga anahitaji wa kumsomea ujumbe wa simu unaosema ameshinda fedha, na kumwambia kwa upole kwamba ni utapeli. Ukifanya hivi, hakikisha mwenye jambo ndiye anayeamua na ndiye anayezungumza pale anapoweza. Usiijue namba yake ya siri. Usitoke pale ukasimulia habari zake kwenye kwaya.

Niseme zaidi kuhusu misiba, kwa kuwa hapo ndipo ukarimu wetu unapong'aa na ndipo unapokatika ghafla. Siku za matanga nyumba hujaa: wapishi, viti vya kukodi, nyimbo za usiku kucha. Baada ya mazishi watu wanarudi kwenye shughuli zao, na ni haki yao. Ila mfiwa huanza kuumia hasa wiki ya tatu au ya nne, wakati ada ya shule inadaiwa, ndugu wa marehemu wameanza kuulizia shamba, na usiku hakuna sauti ndani ya nyumba. Mwanajumuiya mwenye busara ataweka tarehe hiyo kwenye kalenda yake siku ile ile ya mazishi. Atakwenda bila kundi, bila sare, na kitu kidogo mkononi: sukari, mkaa, au saa mbili za kupalilia. Kama mna watu wa kutosha, gawaneni majuma, kila mmoja na lake, ili asije mtu akatembelewa na kumi siku moja na kusahauliwa miezi mitatu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Fadhila hii ya kujitoa imetumiwa vibaya sana dhidi ya wanyonge, na mwandishi wa mambo ya kiroho akilinyamazia anashiriki dhambi hiyo. Katika sura ya 7 ya Marko, Yesu anawashutumu watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani imetolewa kwa Mungu, ili wasiwatunze wazazi wao. Sadaka ya altareni ilikuwa inamnyima mama chakula, na Yesu hakuikubali. Mhubiri anayemtaka mgonjwa atoe fedha ya dawa kama mbegu ya imani anafanya jambo lile lile. Mtazameni mgonjwa huyo, si mjengo: nunueni dawa kwanza.

Vivyo hivyo kwa mke anayepigwa. Ameambiwa avumilie, asali zaidi, ndio msalaba wake. Hapana. Kristo aliutoa uhai wake kwa hiari, na alisema wazi kwamba hakuna aliyemwondolea. Kipigo ndani ya nyumba ni kitu anachofanyiwa mtu bila hiari yake, na kukistahimili hakumwokoi mpigaji, kunamzamisha. Kama uko katika hali hiyo, mwambie mtu unayemwamini leo, ondoka mahali pa hatari pamoja na watoto, na ufike kituo cha polisi kwenye dawati la jinsia. Ukiwa mzee wa kanisa, katekista au mama mlezi na mwanamke akakujia na habari hizo, usianze kwa kumuuliza amemkosea nini mumewe. Mtafutie pa kulala.

Na katika nyumba nyingi za Wakristo kuna binti wa kazi anayeamka kabla ya watu wote Jumapili ili familia ifike ibadani kwa wakati, naye anabaki akipika. Majitoleo ya familia hiyo yanabebwa na mgongo wake. Barua ya Yakobo inasema kwamba ujira uliozuiliwa wa wafanyakazi unalia, na kilio kinamfikia Bwana. Mlipe tarehe mliyokubaliana, kabla ya bahasha ya kanisa, na mpe Jumapili yake.

Kinachobaki ni swali la mipaka, ambalo watu waaminifu huliogopa wakidhani kuwa na mipaka ni uchoyo. Katika Kutoka sura ya 18, Yethro anamkuta mkwewe Musa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, na anamwambia kwamba jambo hilo si jema: atajichosha yeye na watu pia. Zingatia maneno hayo ya mwisho. Watu nao walikuwa wanachoka, wamesimama foleni kutwa nzima, kwa sababu mtu mmoja mwema hakuwa amegawa kazi. Eliya alipokata tamaa na kuomba afe, Mungu alimpa usingizi na mkate kabla ya kumpa neno. Yesu mwenyewe, Kapernaumu, aliondoka alfajiri kwenda kusali mahali pa faragha, na wanafunzi walipomfuata na kumwambia kwamba watu wote wanamtafuta, alielekea miji mingine. Aliwaacha watu waliomhitaji kwa sababu alijua alitumwa kufanya nini.

Ukiitwa kwenye kamati ya tano na unajua huwezi, sema huwezi, siku hiyo hiyo, kwa sauti ya kawaida. Ndiyo ya uongo inamwumiza anayekutegemea kuliko hapana ya kweli. Kwa kazi ulizo nazo, tafuta mtu wa kumfundisha kila moja. Mwalimu wa kwaya ampe kijana fimbo ya kuongozea Jumapili moja kwa mwezi, kisha mbili, na siku kijana anapokosea asimame nyuma bila kukunja uso. Mhazini amfundishe msaidizi kuandika daftari. Nimeona vikundi vizuri vikifa pamoja na kiongozi wao kwa sababu alikuwa anatumika sana na hakuwahi kuachia kitu.

Kisha kuwe na sala. Simaanishi sala ya kuomba nguvu ya kufanya zaidi. Kila jioni, kabla ya kulala, pitia siku yako polepole mbele za Mungu, kama Inyasi wa Loyola alivyowazoeza wafuasi wake tangu karne ya 16. Jiulize ni wapi leo ulimwona mtu, na ni wapi ulijiona wewe tu. Shukuru kwa la kwanza, omba msamaha kwa la pili, na lala. Dakika kumi zinatosha, na usizipime kwa hisia.

Wapo wanaoyaweza yote haya na bado wakashindwa jambo moja: kupokea. Petro, katika sura ya 13 ya Yohana, alikuwa tayari kufa kwa ajili ya Bwana, ila hakutaka Bwana amwoshe miguu. Yesu alimjibu kwa ukali usio wa kawaida, kwamba asipomwosha hana shirika naye. Anayetoa siku zote na hakubali kupewa anabaki juu ya wenzake, hata kama amepiga magoti. Ukiugua na jirani akaleta uji, usimwambie kwamba ungeweza kupika mwenyewe, wala usisimame kumhangaikia kwa soda. Kaa, unywe akiwa pale, mweleze unavyoumwa kweli. Akiuliza kama arudi kesho, mwambie arudi. Na bakuli lake lisirudi haraka limejaa mchele wa kulipia. Mara hii lioshwe tu, na apewe likiwa tupu.